Mwani wangu ulitaja jina baada ya kunyimwa chakula

Kila niliyemwonyesha zile nyuzi za kijani nilizookota kwenye majaruba ya mpunga kule Magu alinijibu kwa mkato: "Hiyo Spirogyra," yaani jenasi ya mwani wa maji baridi. Ahsante, hilo nalijua. Utepe wa kijani umejizungusha ndani ya seli kama springi ya kalamu, nani asiujue? Mimi nilitaka jina la pili, lile la spishi. Aina zilizoelezwa ni zaidi ya 400, na nyingi huzitenganishi mpaka uone zigospora zake, chembe zenye ganda zinazotokea seli mbili zikiungana kuzaana.

"Zioteshe, tia yurea kidogo," akanishauri mjuzi mmoja. Kidogo chake, kijiko kizima! Wiki ya pili nyuzi zimeoza, maji yamekuwa supu ya vidubwasha vya kijani, viluwiluwi vinacheza juu. Mama akachungulia: "Mwanangu, huko chuo mnafundishwa kufuga mbu?"

Nikaanza upya. Chupa ya jamu (niliichukua jikoni bila kuaga), udongo wa shamba lisilojua mbolea kimo cha sentimita moja, maji juu yake, nikaipika kwa mvuke saa nzima, kesho yake tena, kuua viumbe vingine. Mkaa sikuuhesabu.

Kazi ilikuwa kupata uzi mmoja safi. Nilipanga matone kumi ya maji safi kwenye slaidi, nikapinda ncha ya sindano, nikauburuza uzi tone hadi tone, kila tone likibaki na uchafu wake. Wa kwanza ulikatika. Wa pili ulinata kwenye kidole. Wa tatu ulifika tone la saba, nikapiga chafya. Wa nne ndio bibi wa ukoo wote nilio nao leo.

Nikautia kwenye chupa, ikakaa dirishani, mbali na jua kali. Ilipojaa nikafanya roho mbaya: nikazihamishia nyuzi kwenye maji matupu ya mvua, zikose naitrojeni. Baada ya wiki mbili hivi zikalala mbili mbili, zikajenga vidaraja kama ngazi. Seli za upande huu zimehamwa, za upande ule kila moja ina yai lake, ndiyo zigospora, ganda la manjano, laini.

Upana maikromita 36, utepe mmoja, kuta za ncha za seli zimenyooka, seli za uzazi zimevimba upande wa kidaraja tu. Spirogyra varians. Nimeandika kwa wino.

Mama kaniuliza kama sasa atarudishiwa chupa yake.