Siku moja maishani mwangu: mwanya wa vidole viwili

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Jogoo wa jirani leo kachelewa. Nimeamka mwenyewe, nikatoka uani kutazama minazi kabla hata ya kupiga mswaki. Makuti yametulia. Upepo wa kusi umekwisha, kaskazi bado haijashika, na hapo katikati tunapata wiki chache za matlai ambazo mvuvi wa malema huziombea dua: maji meupe, bahari imelala. Mwezi ulikuwa mpevu juzi, kwa hiyo ni bamvua, na kwetu bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ratiba yangu ya kazi ndiyo hiyo. Saa ya ukutani ni ya watoto wa shule.

Baada ya swala nimekunywa chai ya rangi na mahamri ya jana, nikamwita mpwa wangu mara tatu ndipo akaamka.

Navua pwani ya kusini ya Kenya, Kaunti ya Kwale, hapa kati ya Gazi na Msambweni. Nina malema manane. Kwa msiotoka pwani: lema (Unguja na Pemba wanaliita dema) ni mtego wa kusuka kwa mianzi iliyochanwa, mpana kama meza ya chakula, una mdomo unaoingia ndani ukizidi kuwa mwembamba. Samaki anafuata chambo, anaingia, kisha haoni tena njia aliyojia. Unalitega leo, unalipandua kesho. Babu yangu alitega hivyohivyo, ila lake halikuwa na mwanya wa kutorokea samaki wadogo, na huo mwanya ndio uliobeba siku yangu nzima ya leo.

Saa moja na nusu. Tumesukuma mtumbwi, mpwa kashika upondo, mimi naponda tondo za chambo, wale konokono wa pwani, ndani ya ndoo na kuchanganya na mwani. Harufu yake haitoki mikononi hata kwa sabuni ya unga. Mke wangu amezoea, au kasema amezoea.

Maboya hatufungi. Ukiweka boya umemwandikia mwizi barua. Tunashika alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukikaa sawa na mnazi uliopinda, na upande wa pili kile kisiwa kikikata ncha ya mikoko, basi uko juu ya lema la kwanza. Ukikosea kwa upana wa mtumbwi mmoja utazamia asubuhi nzima.

Saa tatu. Nimevaa miwani ya maji, nimezama. La kwanza lina tafi watano, changu mmoja, mkundaji mmoja. La pili tafi wanne na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, huyo nimemtikisa kwa kijiti mpaka akatoka mwenyewe, maana mkono wangu naupenda. La tatu halina kitu ila kaa. Kawaida tu. Tafi nao si wa kushika ovyo: miiba ya mgongoni ina sumu, ikikuchoma unautia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia na kuwataja wazee wako wote.

La nne lilikuwa zito. Tulipolipandisha juu ya mtumbwi lilikuwa likichezacheza kama gunia lenye kuku. Mpwa akatazama upande wa Pemba.

Nilihesabu: tafi ishirini na watatu, na waliozidi urefu wa kiganja changu hawafiki kumi. Kangaja wadogo. Vipepeo wanne. Pono mmoja mtoto. Kikande mmoja. Wale vipepeo, samaki wa manjano bapa kama visahani vya kahawa ambao hakuna anayewanunua, walikuwa wamejisugua kwenye mianzi usiku kucha mpaka magamba ya pua yameisha, nyama nyeupe iko nje. Wawili walikuwa wamekufa. Nikaligeuza lema kutazama mwanya. Umeshonwa. Kamba ya manila ya buluu, mshono safi, wa mtu anayejua kusuka. Nami ndiye niliyemfundisha kusuka.

Hapo inabidi niwaeleze mwanya. Kwenye pembe ya lema tunaacha upenyo wima, sentimita 3 kwa upana na 30 kwa urefu. Samaki mnene hapiti. Samaki bapa, kama kipepeo au kangaja mdogo, anajipenyeza kama barua chini ya mlango, na tafi mtoto vilevile. Hatukuubuni sisi. Umejaribiwa hadi Curaçao, kule Karibi, na huku kwetu watafiti waliujaribu kwenye malema ya wavuvi wa kweli, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013: samaki wasiotakiwa walipungua, waliobaki wakawa wakubwa zaidi, na pesa ya mvuvi ikapanda badala ya kushuka. Kikande naye ana kazi yake mwambani, ndiye anayewala wale viumbe wa miiba mirefu myeusi. Mmalize kikande, wale wa miiba wanazaana mpaka wanautafuna mwamba na kuvifyeka vile vichaka vya majani ya bahari ambako tafi hulelewa.

Yote hayo mpwa anayajua, kanisikia nikiyasema mikutanoni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya BMU, yaani kile chama cha usimamizi wa ufuo kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, na kazi yangu ndani ya kamati, msicheke, ni zana za uvuvi.

"Nani kashona?" nikauliza, kama kwamba mtumbwini tuko kumi.

"Mjomba, nisamehe. Nilitaka tu kuona."

"Kuona nini?"

"Kuona tunapoteza wangapi." Akanyamaza, kisha akaniambia neno ambalo limenikaa kooni mpaka sasa: "Huyu mdogo tukimtoa sisi leo, juya litamkusanya kesho. Sasa tunamtolea nani?"

Juya ni ule wavu wa kukokota, watu kumi hadi ishirini wanauvuta mpaka ufuoni, na chini unakwangua kila kitu, majani, mayai, vitoto. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, pamoja na bunduki ya mishale ya kuzamia. Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa. Kazaliwa juya lishapigwa marufuku, na hajamaliza mwaka hata mmoja bila kuliona kwa macho yake. Nimwambie nini? Sikuwa na jibu. Nikakata ile kamba kwa kisu, nikaitia mfukoni, tukawarudisha wadogo waliokuwa wazima. Waliogeuka tumbo juu tukawaacha kwenye ndoo.

Manne yaliyobaki yalikuwa na mwanya wazi. Kashona moja tu. Nikiri kwamba jambo hilo liliniliwaza, ingawa halikupaswa.

Saa sita na nusu. Maji yameanza kujaa, yanatusukuma wenyewe kurudi. Bandarini karani kapima: kilo sita na nusu wa kuuza, na kilo moja na robo ya "wadogo" ambayo wiki iliyopita haikuwapo kwenye mstari wangu. Kaandika bila kuinua kichwa. Nashukuru.

Tajiri mwenye barafu kachagua tafi wakubwa na changu, ndiye anayepeleka hotelini Diani, na huyo hununua kwa ukubwa: samaki wa kujaa sahani ana bei yake, wa kiganja ana bei ya huruma. Tafi watano wa lema la kwanza wamenipa zaidi ya ambacho wangenipa wale ishirini na watatu wa lema lililoshonwa, ukitoa wale wakubwa kumi kasoro. Nilimwonyesha mpwa hesabu hiyo pale pale kwenye kipande cha boksi. Akatikisa kichwa, hakusema kitu.

Lakini hesabu ina upande wa pili na upande huo una jina: mama karanga. Wanunuzi wa wale wadogo ni hawa akina mama wanaokaanga samaki na kuuza barabarani jioni, kipande kwa kipande, kwa watu ambao tafi wa hoteli wanamwona kwenye picha tu. Mmoja, ambaye nimemheshimu tangu utoto, kachungulia ndoo yangu akafurahi.

"Alhamdulillahi, leo umenikumbuka baba. Huo mwanya wenu unaninyima karai."

"Leo ni bahati mbaya, mama."

"Bahati mbaya yako, nzuri yangu. Nipe."

Nimempa wote bila kuhesabu. Warsha nyingi nimekaa, za soda na biskuti, sijasikia mtu akimtaja mama huyu. Mwanya unapofungua kwa samaki unafunga kwa karai lake, angalau kwa miezi ile ya mwanzo kabla wadogo hawajawa wakubwa, na yeye hana akiba ya kusubiri. Mimi bado naamini mwanya ni sahihi. Ila tungemwita kwenye kikao kabla ya kupitisha, badala ya kumpa habari akiwa keshawasha jiko.

Saa nane. Wali, mchuzi wa nazi, usingizi.

Saa kumi alasiri. Kikao chini ya mkwaju. Ajenda ilikuwa moja, upana wa mwanya, na imekula saa mbili. Sheria kubwa ya uvuvi tunayo, ile ya mwaka 2016, na chini yake tunatunga sheria zetu ndogo za ufuo. Zetu ziliandikwa "mwanya wa vidole viwili" kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa na rula. Tangu hapo ni vita. Vidole viwili vya nani? Mzee mmoja msukaji, mikono yake imevimba kwa miaka ya kamba na chumvi, vidole vyake viwili vinapitisha mpaka tafi wa kuuza. Vijana wana vidole vya kushikia simu, na mwanya wao hata kipepeo anakwaruzika.

Mwingine kauliza kwa nini tusihimize malema ya waya, hayaozi. Hapo nilisimama. Lema la mianzi likipotea linaoza, baada ya miezi michache limefunguka lenyewe na samaki wanapita kama mlango wa nyumba ya maombolezo. La waya likipotea linaendelea kuvua. Samaki anaingia, anafia humo, anakuwa chambo cha mwenziwe, na hakuna anayelipandua. Anayetaka waya basi afunge kipande kimoja cha ubavu kwa kamba ya katani itakayooza. Limekubaliwa, nusu kwa kuchoka.

Kisha mzee wa vidole vinene kanitazama. "Na wewe mjumbe, tukija kupandua yako, tutayakuta wazi?"

Alikuwa anatania. Lakini mkono ulikuwa mfukoni, juu ya ile kamba ya buluu. Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza, nikasema imetoka lema langu leo asubuhi, na aliyeshona ni mtu wangu, kwa hiyo nimeshona mimi. Mpwa alikuwa amekaa nyuma juu ya pipa, sikumtazama.

Watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Mwenyekiti kasema sheria ni sheria. Ikawa faini ya kwanza tangu tupitishe kile kifungu, mpaka mweka hazina hakuwa na kitabu cha risiti, ikabidi aniandikie nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kuhusu juya hakuna aliyesema neno. Wenye juya wana ndugu pale kikaoni, na baadhi ya ndugu hao ni wangu.

La maana lililopatikana ni kijiti: fundi seremala atakata vipande vya mbao vya sentimita 3 kamili, kila msukaji apewe chake. Vidole vimestaafu.

Saa mbili usiku. Nimemkuta mpwa uani chini ya taa ya sola, anasuka lema jipya. Hakuniambia anaanza. Mianzi kaichana vizuri, fito za pembe kazikaza. Amefika kwenye mwanya, kijiti bado hakijakatwa, naye kajipima vidole, akavitazama, akaviondoa.

Akaingia jikoni. Akarudi na tafi mbichi, mmoja wa wale tuliobakiza kwa kitoweo cha kesho, wa bei ya tajiri hasa. Akamsimamisha wima na kumsukuma kwenye upenyo, kichwa kwanza. Kichwa kikapita. Tumbo likagoma. Akasogeza ufito kidogo kwa ndani, akamjaribu tena, safari hii akagoma kwenye mashavu.

"Mjomba, huyu hatoki," akasema.

"Na wa nusu yake?"

"Wa nusu yake keshafika Pemba."

Akafunga ufito, akaendelea kusuka. Kesho maji yanakupwa saa tano kasorobo, tutalala kidogo zaidi.