Septrini ilivyogoma maabara

2013 nilikuwa fildi kwenye maabara ya hospitali moja hapa Mwanza, benchi la mikojo na usaha. Wiki hiyo tulikuwa tumefungua kopo jipya la agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani), la bei chee, sapulaya simtaji. Basi kuanzia hapo ikawa kila ikoli (bakteria E. coli) tunayoiotesha inaidharau septrini. Diski yenye dawa umeiweka vizuri, kesho yake lile duara ambalo bakteria hawatakiwi kuota unakuta limejaa ukungu ukungu, halijulikani linaanzia wapi linaishia wapi, na diski zingine kwenye sahani hiyohiyo ziko safi kabisa. Wenzangu wakawa wanaandika tu sugu, sugu, sugu, wanasema watu wa huku wamezidi kumeza septrini bila cheti (ambayo ni kweli, lakini sio wote ndani ya wiki moja jamani).

Mzee wetu wa maabara aliingia asubuhi na "wangaluka" yake, salamu ya Kisukuma, akainua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaguna. Hakubishana na mtu. Akatoa kwenye friza ile bakteria Enterococcus faecalis namba 29212 ya kupimia ubora, akaiotesha kwenye agari mpya na ya zamani iliyobakia kidogo. Kesho yake akanipa rula. Ya zamani duara safi, imevuka ile milimita 20 inayotakiwa, mpya bakteria wamejiotea mpaka karibu na diski.

"Kijana, mapanki unayajua?"

Mtu wa Mwanza utaachaje kuyajua, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunakaanga kichwa na mifupa. Akasema bakteria nao wako hivyohivyo. Septrini ina dawa mbili zinazoziba njia ya foleti, na bila foleti bakteria hawezi kujitengenezea thimidini ya kujengea DNA. Sasa ukimziba huko afu umemmwagia thimidini kwenye chakula, anaiokota, kimeng'enya chake cha thimidini kinasi kinaibandika fosfeti, maisha yanaendelea. Kumbe agari yetu ndo ilikuwa imejaa thimidini, dawa wala haikuwa na shida. Vitabu vinasema unaweza kuchanganya damu ya farasi ambayo chembe zake zimepasuliwa, ina kimeng'enya cha kuivunja hiyo thimidini, mzee akacheka, Mwanza hii farasi umtoe wapi. Kopo likarudishwa, majibu yote ya septrini ya wiki ile yakarudiwa.

Kilichoninyima usingizi ni alichoongeza tunakunywa chai. AZT, dawa ya VVU, ileile ya wagonjwa wetu wa CTC (kliniki ya VVU), iliyotengenezwa 1964 ikitafutwa dawa ya kansa, inafanana na thimidini kiasi kwamba ikoli anaiokota na kuibandika fosfeti kwa kinasi yake mwenyewe, ikiingia kwenye DNA mnyororo unakatikia hapo. Yaani kile kimeng'enya kinachomuokoa ndo kinamuua.

Nikamuuliza mbona hatuwapi basi AZT wenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu. Akasema bakteria sio mjinga, anaitupa kinasi, na sumu haiwashwi tena. Mi nikakomaa, akiitupa si hawezi tena kuokota thimidini, kwa hiyo septrini itampata tu?

Mzee akaweka kikombe chini. "Hiyo kaiandikie proposo," akasema, afu akanituma nikaoshe sahani.