Choya, Maji ya Jivu na Maji ya Ziwa

Katika sekondari niliyosoma Ujiji, karatasi za litmasi zilikuwa adimu, hivyo mwalimu wetu wa kemia akachemsha maua makavu ya choya na kutuambia kuwa hicho ndicho kiashiria chetu. Rangi yake, alieleza, huwa nyekundu penye asidi na huelekea buluu au kijani penye besi. Kila mwanafunzi aliagizwa kuleta kitu kidogo kutoka jikoni au bafuni kwao.

Ndimu, siki na ukwaju havikutushangaza, kwa kuwa ulimi ulikwisha kutuambia. Mimi nilileta maji ya jivu aliyochuja bibi kwa ajili ya kulainishia maharage, na matone machache tu yaliigeuza choya kijani, kisha yalipozidi ikawa manjano. Sabuni ya mawese iliyopikwa kwa kostiki soda nayo ilitoa kijani. Dawa ya kung'arishia nguo ilitutatiza, kwani rangi ilitoweka kabisa. Mwalimu akasema dawa ile huharibu rangi yenyewe, kwa hiyo choya haiwezi kuipima, na akapiga marufuku kuichanganya na ndimu au siki kwa sababu hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Mabishano yalizuka juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tulishikilia kuwa maji ni maji, hayawezi kuwa upande wowote. Mwalimu alidondoshea choya kidogo katika glasi mbili: ya maji ya mvua ilibaki na wekundu hafifu, kwa kuwa choya yenyewe ina asidi, lakini ya maji ya ziwa ikageuka buluu iliyofifia. Hapo ndipo alipofungua kabati na kutoa karatasi ya kupimia pH, kipimo cha asidi na besi kilichobuniwa na Mdenmark Søren Sørensen mwaka 1909, ambacho 7 ndiyo katikati yake na juu ya hapo ni besi. Tulisukumana kuilinganisha na rangi za kwenye jalada, na ikaangukia karibu na 9.

Maelezo yake ndiyo ninayoyakumbuka kuliko zoezi lenyewe. Mto Ruzizi huleta chumvichumvi kutoka Ziwa Kivu, lililozungukwa na miamba ya volkano, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika hupotea kwa mvuke badala ya kutoka ziwani kupitia Mto Lukuga, chumvi hizo hubaki nyuma na kurundikana, zikiyavuta maji upande wa besi. Wale walioshikilia kuwa maji ni maji waliomba jaribio lirudiwe kwa maji ya kisimani.