Chenso imenoki? Usikimbilie pistoni mpya

Watu wakileta chenso za zamani, ile misumeno ya injini ya kukatia miti, hapa kwangu maneno yanakuwa yaleyale, fundi imenoki, yaani injini imekwama, weka pistoni nyingine niondoke. Pistoni tutaweka, hakuna shida, ila mi lazima nijue kwanza ile ya zamani imekufa na nini, na hapo ndo mtu anaanza kununa anaona namzungusha ili nimpige hela. Wakati ukweli ni kwamba ukiweka pistoni mpya kwenye mashine ambayo hujui ugonjwa wake umenunua tu nyingine ya kuunguza, na wiki mbili tatu mbele utarudi na maneno mengine.

Kwa asiyejua, mi nipo Mafinga, nina kibanda nyuma ya nyumba, jiliwa moja, meza ya mbao na taa. Hii siyo kazi inayonilisha, ni ugonjwa wangu tu wa jioni na wikendi. Na Mafinga ni sehemu nzuri kwa ugonjwa huu maana tumezungukwa na msitu wa Sao Hill, misindano na mikaratusi hadi macho yachoke, na kila kijiji cha Mufindi kina watu wa mbao. Zamani mti ulikuwa unaangushwa kwa chenso na wakati mwingine mbao zinapasuliwa hukohuko kwa chenso, sasa hivi kazi ya kupasua wamechukua ding-dong, zile mashine za kuhama nazo msituni, kwa hiyo chenso imebaki ya kuangusha na kukata magogo tu, na kwa kazi hiyo vijana wanataka mashine nyepesi. Yale madude makubwa yakaishia stoo, chini ya vitanda, mengine kwenye mabanda ya kuku. Huko ndo nayatoa mimi.

Dude ninalolipenda kuliko yote ni Stihl 070, chenso ya Mjerumani. Ukoo wake unaanzia kwenye Contra ya mwaka 1959, ambayo ilikuja na mambo mapya kwa wakati ule kwa sababu nyingi za kabla yake zilikuwa na gia kati ya injini na cheni, zinatembea taratibu na zina uzito wa ajabu. Contra ikaondoa gia, klachi inazungusha sproketi moja kwa moja, nguvu ya farasi 6 kwenye kilo kama 12, mtu mmoja anabeba. 070 ikafuata njia hiyohiyo na silinda ya milimita 58, mwendo wa pistoni milimita 40, piga hesabu mwenyewe utapata cc 106. Ukiishika ndo utajua, kilo 10 na ushee kabla hujafunga baa. Linganisha na MS 381 ya Stihl haohao wanayotembea nayo vijana siku hizi, cc 72 na kilo 6.6, utaelewa kwa nini mzee wetu kastaafu.

Sasa hii ninayotaka kuwasimulia aliileta mzee mmoja wa huku juu, kaifunga kwenye mfuko wa mbolea. Nikamwamkia, akaniambia mwanangu, hii imenisomeshea watoto, usiniulie. Kamba haivutiki hata kidogo. Nikatoa plagi nikamimina dizeli ndani nikaiacha mpaka kesho yake, ndo ikaanza kusogea kidogo kidogo, halafu nikafungua ekzosi nichungulie. Hii ya kuchungulia kupitia tundu la ekzosi naomba uishike maana ni bure na dakika tano tu: unatoa bolti za ekzosi, unashusha pistoni, unamulika na tochi ya simu. Pistoni inakusomea kila kitu. Ikiwa imechubuka pande zote kwa mzunguko, mara nyingi mtu kaweka petroli kavu bila oili. Ikiwa imekwaruzika upande wa kabureta, vimistari vimistari vya kijivu, vumbi limepita kwenye chujio. Ikiwa upande wa ekzosi ndo umeungua na kule nyuma pako safi, hapo joto lilizidi, na joto mara nyingi linatokana na mchanganyiko kuwa na hewa nyingi kuliko petroli. Ya mzee ilikuwa hiyo ya tatu. Kule nyuma bado unaona alama za mashine za kiwandani, mbele imeyeyuka na kukwanguka, ringi imeshikana na pistoni kabisa.

Kwa hiyo swali ni hewa inaingilia wapi. Kwenye tustroku, yaani injini ya kuchanganyia oili kwenye petroli kama hii, chumba cha krenki nacho ni sehemu ya njia ya petroli, mchanganyiko unapita huko chini kabla ya kupanda juu, na ndo huohuo unaobeba oili ya kulainisha kila kitu. Oili sili, ile ringi ya mpira inayoziba pembeni ya krenki, ikikauka, kila pistoni inapopanda inanyonya hewa ya nje pale pembeni ya krenki, petroli inapungua, na petroli ikipungua na oili imepungua hapohapo, kwa hiyo unapata joto zaidi na ulainishaji kidogo kwa wakati mmoja. Mwenye mashine yeye anasikia tu ina kelele kali na inazunguka haraka anafurahi leo imechanganya! Kumbe inakufa.

Vifaa rasmi vya kupima hii kitu vipo na bei yake siitaki. Mi natumia mashine ya kupimia presha ya watu, ile ya saa na kibofu cha kuminya. Nilitoa kile kitambaa cha mkononi nikabaki na mpira, saa na kibofu. Tundu la ekzosi naliziba na kipande cha tyubu ya tairi nakaza na ekzosi yenyewe, upande wa kabureta naziba vilevile ila natoboa katundu ka kuingizia mpira, plagi inabaki mahali pake. Vitabu vya mafundi vinasema pima na bar 0.5, mashine ya presha mwisho wake ni 300 za zebaki ambayo ni kama bar 0.4, inatosha kabisa. Unapampu, unafunga koki, unaangalia mshale. Ukikaa, mashine nzima. Wa mzee ulishuka kama lifti. Nikatoa sumaku, lile gurudumu la kutengenezea cheche kwenye ncha ya krenki, nikapaka povu la sabuni kwenye sili ya nyuma yake, mapovu yakaanza kutoka yenyewe kabla hata sijaigusa krenki. Upande wa klachi nao nikaupima, haukuwa mbaya hivyo, ila sili zinabadilishwa mbili kwa pamoja, usibane hela hapo.

Kuna sili nyingine ukiipulizia inashika vizuri, ila ukiivuta inaachia, kwa sababu mdomo wake unabanwa na presha ya ndani. Kwa hiyo baada ya kupuliza navuta pia, na bomba la sindano kubwa la mifugo linalouzwa duka la dawa za ng'ombe. Unavuta unashikilia, kama mkono unaendelea kusikia inavutwa ndani uko salama, ikilegea kuna pahala hewa inapita.

Baada ya kujua mgonjwa anaumwa nini ndo tukaenda kwenye silinda. Ilikuwa na mabaka ya alumini, yaani nyama ya pistoni imegandia ukutani, na hapo ndo wengi wanasema silinda imekwisha wanaitupa. Subiri kwanza. Ndani ya silinda hii kuna ngozi ya kromu ngumu sana, mara nyingi haijaguswa, ni alumini tu imepakwa juu yake. Kostiki soda ya watengeneza sabuni inakula alumini na kromu inaiacha. Nachovya pamba kwenye kijiti, nagusa baka tu, linachemka povu la kijivu, nafuta, narudia, siku likigoma kutoa povu ujue alumini imeisha. Vaa glavu na miwani, kaa nje kwenye upepo, na uwe mbali na midomo ya matundu maana pale ngozi ikiwa imechanika soda itakula silinda yenyewe. Ukimaliza unaosha na maji mengi, unapitisha msasa mlaini kwa kuvukisha mistari, halafu pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, pole, tafuta silinda. Ya mzee ukucha uliteleza.

Pistoni tulinunua mpya, na hapa lazima nilalamike kidogo. Spea za 070 zimejaa madukani kwa sababu mashine zimejaa, lakini nyingi ni za kuigiza na ubora wake ni bahati nasibu, boksi moja linakuja zuri linalofuata ringi haikai. Usifunge kitu hujakipima. Ringi iingize kwenye silinda peke yake, isukume na pistoni ikae sawa, uangalie mwanya wa ncha zake, halafu angalia kama kipini cha kushikia pistoni kinapita kwa mkono bila nyundo na klipu zake zinakaa kwenye mfereji. Zile klipu weka mpya na uzikague mara mbili, klipu moja ikichomoka ukiwa kazini kazi yote ya silinda imeenda na maji.

Umeme haukuwa na shida kubwa. Hii ni ya miaka ile ya pointi, vile vichuma vya kukata na kuunga umeme wa cheche, za baadaye zilikuja na koili ya elektroniki. Pointi zilikuwa zimeshika kutu nyeupe, nikapitisha msasa mlaini, nikafuta na karatasi kavu, nikaseti mwanya wa milimita 0.4, cheche ikatoka ya bluu. Kabureta ni Tillotson, imefunguka vizuri ila daiframu, vile viwambo vyembamba vya ndani yake, zimekauka hadi zinalia kama karatasi, hizo hazirekebishiki, nunua seti mpya. Na kwa kutoa klachi, tafadhali sana, uzi wake chenso nyingi ni wa kushoto, unafungua kwa kuzungusha upande wa kukaza. Ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi ili pistoni ikwame juu yake, usiingize bisibisi.

Kuna jamaa wanapenda kuanza na rangi. Mashine ndani maiti, nje inang'aa chungwa na kijivu, wanapiga picha wanaweka kwenye status. Mi rangi naweka mwisho na mara nyingi siweki kabisa, natoa tu uchafu kwa dizeli na brashi. Halafu bodi hii ni magnesiamu, ukikaa na grainda unaifanyia fujo ule unga wake unashika moto, na moto wa magnesiamu ukiumwagia maji ndo unauchochea. Kama lazima uisugue, sugua kwa mkono na uwe na ndoo ya mchanga kavu karibu.

Oili. Nitasema tena na tena. Kwa mashine hizi za zamani na oili ya kawaida ya tustroku mi nachanganya 25 kwa 1, yaani galoni ya lita 5 unaweka mililita 200, unapima na kikombe chenye alama, siyo kwa kofia ya chupa wala kwa kuangalia rangi. Na ile oili chafu ya gari mnayoweka kwenye tanki la cheni ina vumbi la chuma ndani, inakula pampu, inakula baa, halafu mnasema baa za siku hizi hazidumu.

Cheni yake ni ile pana, saizi ya .404, tupa ya kunolea ya milimita 5.5. Kila ninaponoa namkumbuka Joseph Cox, mkata miti wa Oregon kule Marekani, ambaye mwaka 1946 alimwona funza wa mbawakawa anatafuna gogo, anakata kushoto anakata kulia bila kujali nyuzi za mti zimelalaje, akaenda kutengeneza jino la cheni kwa mtindo ule. Mpaka leo cheni zetu jino moja linatazama kushoto lingine kulia. Noa yote kwa urefu mmoja, upande mmoja ukizidi cheni inakata kwa kupinda na utaanza kulaumu baa.

Siku ya kuwasha mzee alikuja na wajukuu. Kamba ya 070 huivuti kizembe, unaivuta mpaka uisikie kompresheni ndo unang'oa moja kwa nguvu, ukilegea inarudi na vidole vyako. Ikashika. Nikaiacha ipate joto, halafu nikaseti skrubu ya mwendo kasi kwa masikio: ukikanyaga mafuta yote bila mzigo inatakiwa iwe na ukwaruzo kidogo wa sauti, inaguguma, ukiizamisha kwenye gogo ukwaruzo unapotea inakuwa safi. Kama hewani tu tayari inalia kali na laini, ongeza petroli haraka. Tukaikatisha gogo la mkaratusi lililokauka, mavumbi yanatoka mapana kama chips.

Nilimwambia mzee waziwazi, hii haina breki ya cheni na haina spring za kuzuia mtikisiko, ukiishika mchana kutwa vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe, kwa hiyo asimpe mjukuu akaangushe nayo miti, akatie magogo yaliyolala chini na mtu awe anapokezana. Akasema sawa, akalipa nusu, nyingine akaleta mahindi.

Kwa sasa mezani kuna chenso nyingine, Husqvarna, imeletwa ndani ya ndoo, krenki peke yake, silinda peke yake, bolti zote kwenye kopo la maziwa na mwenye nayo anasema aliifungua kaka yake. Pistoni imekwaruzika upande wa kabureta. Kopo lote nimelipekua na chujio la hewa halimo.