Kidoa kwenye pembe ya juu

Juzi nilikuwa naitazama tena filamu ya A Raisin in the Sun, mwanangu akaja akaketi kando yangu. Akavumilia kama nusu saa hivi, kisha akauliza: "Mama, mbona hawa watu hawatoki nje?"

Swali hilohilo nilimwuliza Mjomba ukumbini, filamu ikiendelea, naye akanifinya mkono ninyamaze. Nilikuwa na miaka 14. Lilikuwa onyesho la filamu za zamani, kwa mkanda wenyewe wa milimita 35, mashine mbili nyuma yetu zikipokezana. Njiani alikuwa amenifundisha namna ya kujua mkanda unakaribia kwisha: tazama pembe ya juu, kulia, utaona kidoa cha mviringo kinatokea na kupotea, kikirudi mara ya pili, mashine nyingine inashika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanzo niliitumia kuvizia pembe.

Wengi wanamkumbuka Sidney Poitier, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwa Oscar ya 1964. Mjomba alimpendea jukwaa. Alinisimulia jinsi American Negro Theatre, kundi la maigizo la Weusi la New York, walivyomkataa mara ya kwanza kwa lafudhi yake nzito ya Bahamas na kusoma kwa kusitasita, akanunua redio, akawa anawaiga watangazaji mpaka ulimi ukalegea. Jinsi mwaka 1946, kwenye tamthilia ya Lysistrata, hofu ilivyomvurugia maneno yake mbele ya watazamaji wa Broadway. Halafu tarehe 11 Machi 1959, Ethel Barrymore Theatre, New York: A Raisin in the Sun yenyewe, tamthilia ya Lorraine Hansberry, Lloyd Richards akiongoza, na Poitier ndiye Walter Lee, mhusika mkuu. Filamu ya 1961 iliwachukua wengi walewale wa jukwaani: Claudia McNeil, Ruby Dee, Diana Sands. Hata John Fiedler, yule Lindner mpole anayekuja kuwalipa akina Younger, familia ya Walter, ili wasihamie mtaa wa Wazungu.

Na hapo ndipo ilipotokea.

Lindner amerudi mara ya pili. Fedha za bima ya marehemu baba zilizokuwa mikononi mwa Walter zimekwisha kuibwa, naye ameapa mbele ya wote kwamba atazipokea za Lindner. Mama yake anataka Travis, mtoto wake Walter, abaki hapohapo aone. Poitier anaanza polepole, maneno yanamkwama, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikakiona kidoa. Nikakiona tena. Kisha pazia likawa jeupe tupu na sauti ikakatika.

Hakuna aliyepiga mluzi. Nyuma nilisikia ncha ya mkanda ikipigapiga kwenye gurudumu, na mtu akitembea harakaharaka. Nyuso zote zilikuwa zimeangaziwa na ule weupe, zinangoja. Mjomba hakugeuka nyuma kama wengine. Aliendelea kutazama mbele, kana kwamba Poitier bado yupo, na akaninong'oneza: "Jukwaani, mama, hapa angekuwa bado anasema."

Picha iliporudi, Walter alikuwa amekwisha kuinua kichwa. Anamtaja baba yake, aliyewapatia nyumba ile tofali kwa tofali. Alivyoinuka kutoka chini mpaka pale, sikuona.

Tangu hapo nimeona mara nyingi, bila kukatika. Ni kazi kubwa sana ile. Lakini kwenye filamu huinuka kwa mwendo uleule kila mara. Pale Barrymore alilazimika kuanza upya kila jioni, na kati ya jioni zile hakuna hata moja ninayoweza kuitazama. Mjomba alishikilia kwamba filamu ni kivuli tu. Mimi nilibishana naye mpaka mwisho: kile chumba kimoja, watu wanaosemeshana kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa, hilo si jukwaa ni nini? Sasa hayupo wa kubishana naye, na nimeanza kuona hoja yake.

Mwanangu nilimjibu kwamba hutoka kidogo, huenda baa, huenda kuiona nyumba mpya. Halikumtosha. Nikamwambia, "Subiri Lindner arudi." Akasubiri, kichwa begani kwangu, nami macho yakaenda pembe ya juu, kulia.