Virago 250: Newala imepandika, 400 isubiri kwanza

Imepanda! Jumamosi nimetoka Masasi na pikipiki yangu, Yamaha Virago 250, nimempakia shemeji yenu, kiroba cha korosho kimefungwa nyuma, na ule mpando wa kuingilia Newala nimeumaliza na gia ya tatu. Zamani pale pale nilikuwa nateremka mpaka ya kwanza, huku Boxer yenye abiria wawili inanipita na mmoja wao ananipungia mkono.

Washauri wote walikuwa na neno moja: "Uza hiyo, 250 ni ya mjini. Chukua kubwa, Honda Steed 400 au Virago 535." Ila mimi nilikuwa najiuliza: V-twin (silinda mbili zilizokaa kama herufi V) ya cc 249 ikiachwa na bodaboda mlimani, hapo shida ni udogo wa injini kweli?

Sailensa, yaani mngurumo ukiwa umesimama bila kuvuta mafuta, ilitulia, kuondoka ilikuwa inaondoka vizuri. Ukivuta mafuta kupita nusu, mlio unakuwa mzito lakini mwendo hauongezeki. Plagi nimebadilisha, filta mpya, jeti nimezisafisha, valvu nimezipima upya. Wapi!

Jibu lilikuwa chini ya kifuniko cha kabureta. Nimechomoa pistoni ya kabureta (si ya injini, hii hunyanyuka kufungua koo la hewa), nikaivutavuta juani ile raba yake ya juu, diaframu: tundu la pini, limejificha kwenye kunjo. Usipoivuta hulioni ng'o. Vakyumu, ule mvuto wa hewa unaoinyanyua pistoni, inavujia hapo, pistoni hainyanyuki hadi juu, basi hata ukivuta mafuta yote injini inapumulia nusu koo. Gundi msijisumbue, petroli inaila.

Mpya ilikuja na basi kutoka Dar. Kuipachika sasa! Ukingo wa raba lazima ulale ndani ya mfereji wake pande zote. Ukibonyeza huku, unachomoka kule, na springi nayo inasukuma kifuniko. Ukilazimisha kufunga, umeitoboa mpya. Dawa yake: ingiza kidole kwenye koo la kabureta, nyanyua pistoni kiasi raba ilegee, paka grisi chembe tu kwenye mfereji, laza ukingo, weka kifuniko, funga skrubu, ndipo utoe kidole. Kisha inyanyue pistoni na uiachie. Ikishuka taratibu, imekaa. Ikidondoka tap, fungua uanze upya. Nimeusikia huo mlio wa tap mpaka nikauchukia.

Na jamani, skrubu za Kijapani hazitaki bisibisi ya nyota ya kawaida, inaruka na kula kichwa. Tafuteni ya JIS (kipimo cha Kijapani), au sageni ncha ya hiyo mliyo nayo kidogo. Ile ya kugonga na nyundo ibaki kwenye kava za injini, isisogee kwenye kabureta.

Baadaye ndipo nikagusa spoketi, zile gia za cheni: mbele kutoka meno 16 hadi 15, nyuma 45 ile ile. Uwiano umetoka 2.81 hadi 3.0, yaani injini inazunguka karibu asilimia 7 zaidi kwa mwendo ule ule. Kwenye lami ya kwenda Lindi inalalamika nikipita 90. Mlimani inavuta kama imelipwa. Mchezo huu kwenye 535 haupo, ile ni ya shafti, haina cheni. Steed ina cheni, sawa, lakini baadhi zina kabureta mbili, hesabuni wenyewe diaframu ngapi, na juu yake rejeta. Anayekwenda Dar kila mara achukue kubwa, sibishani naye. Mimi safari zangu ni Mikindani, Tandahimba, Newala.

Tangi nilisema nitalipaka rangi mwezi huu. Limeahirishwa. Chumvi ya bahari imeshakula kromu ya keria, na fundi mmoja wa kuchomelea kanionyesha mabomba ya chuma cha pua, basi akili yote imehamia huko. Mwenye vipimo vya keria isiyogusa indiketa za nyuma anitupie. Mchoro wangu unagongana na boliti za juu za shokapu.