Nilivyojifunza Kulicheza Kila Shimo kwa Kuanzia Kwenye Bendera

Kwa miaka miwili mfululizo nilicheza gofu kwenye uwanja uleule wa mashimo 18, na kwa miaka hiyo miwili nilirudi na kadi zilizofanana: mikwaju 102, 105, 99, kisha 104. Nilikuwa nimejishawishi kwamba kasoro yangu ilikuwa katika namna ya kuupiga mpira, kwa hiyo kila wiki nilikwenda kwenye eneo la mazoezi na kupiga mipira kwa ndoo nzimanzima. Upigaji wangu ulinyooka kidogo, lakini kadi hazikubadilika. Ndipo nilipoamua kuzikusanya kadi 20 za mwisho, nikakaa mezani na kalamu, nikajumlisha matokeo yangu kwa kila shimo peke yake badala ya kuangalia jumla ya raundi.

Hesabu hiyo ilinishtua. Zaidi ya nusu ya mikwaju niliyokuwa nikiipoteza ilitoka kwenye mashimo matano tu. Shimo la 7, ambalo limepangiwa mikwaju 4, lilikuwa likinigharimu mikwaju saba na zaidi kwa wastani, na lile la 12, ambalo ni la mikwaju 3, nilikuwa nikilimaliza kwa mitano mara nyingi kuliko kwa mitatu. Mashimo mengine nilikuwa nikiyacheza vizuri kabisa kwa kiwango changu. Basi tatizo halikuwa mikono yangu peke yake. Nilikuwa nikifika kwenye mashimo hayo matano bila kujua ninataka mpira uende wapi, isipokuwa mbele na mbali.

Aliyenionyesha njia alikuwa kedi mmoja mzee, aliyebeba fimbo za wachezaji kwenye uwanja ule kwa miaka mingi kuliko nilivyojua kuhesabu. Nilimwonyesha karatasi yangu ya hesabu, akaisoma taratibu, kisha akaniambia, "Mwanangu, uwanja huu umeuona kwa upande mmoja tu. Siku watu wakiwa wachache, anzia kwenye bendera utembee kurudi nyuma." Nikamwitikia, "Sawa, mzee wangu," ingawa sikuelewa vizuri alichokusudia. Jumatatu moja jioni, uwanja ukiwa mtupu, nilifanya hivyo. Niliacha fimbo zote, nikachukua daftari dogo na penseli, nikasimama katikati ya grini ya shimo la 1, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye tundu na bendera, nikageuka kutazama nilikozoea kutokea.

Uwanja ulikuwa mwingine kabisa. Ukisimama pale unapoanzia, waliousanifu uwanja wamekupangia cha kuona: mabanka ya mchanga yanakukodolea macho, maji yanametameta, na njia ya nyasi fupi inaonekana nyembamba kama utepe. Ukitazama kutoka kwenye bendera, unayaona yale yaliyofichwa. Niligundua kwamba banka lililokuwa likinitia hofu kwenye shimo la 3 lilikuwa umbali wa hatua 30 kabla ya grini, na kwamba katikati yake na grini kulikuwa na eneo pana la nyasi ambalo sikuwahi kujua lipo. Niligundua pia kwamba grini nyingi ziliinama kuelekea mbele, jambo lililomaanisha kwamba mpira unaopita bendera humwachia mchezaji mkwaju wa kushuka mteremko, ambao ni mgumu kuudhibiti kuliko ule wa kupanda.

Kila shimo nililipa ukurasa wake. Nilichora umbo la grini, nikaweka mshale wa kuonyesha inakoinamia, nikapima kwa hatua umbali wa kila hatari kutoka mahali pa kuanzia, na upana wa njia katika kila sehemu ambako mpira wangu ungeweza kutua. Kupima kwa hatua si jambo la wanaoanza tu. Jack Nicklaus, ambaye hakuna aliyefikia idadi yake ya mataji makubwa 18 ya kulipwa, alianza kupima umbali wa viwanja na kuuandika alipokuwa akijiandaa kwa ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1961 huko Pebble Beach, akautwaa, na hakuiacha tabia hiyo.

Kulikuwa na kipimo kingine kigumu zaidi kukikubali, nacho ni umbali halisi wa fimbo zangu. Kanuni zinaruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, na mimi nilikuwa nikijua umbali wa kila moja kwa mkwaju wake bora, ule unaotokea mara moja kati ya kumi. Nilipopima mipira kumi kwa kila fimbo na kuchukua wastani, fimbo ya chuma namba 7, niliyoamini inafika mita 145, ilikuwa ya mita 131. Tofauti hiyo ya mita 14 ndiyo iliyokuwa ikinitumbukiza kwenye mabanka ya mbele ya grini mwezi hadi mwezi.

Hapo mashimo ya mikwaju 3 yalinifungukia. Nilijiwekea kanuni mbili tu: kuchukua fimbo moja ndefu zaidi ya ile niliyoitamani, na kulenga katikati ya grini bila kujali bendera imewekwa wapi. Bendera huhamishwa, na wanaoihamisha wanapenda kuiweka karibu na hatari. Shimo la 12 la Augusta National huko Marekani lina urefu wa yadi 155 tu, na bado limewaangusha mabingwa wengi. Siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya mwaka 2019 yaliyochezwa hapo, Francesco Molinari alifika kwenye shimo hilo akiwa anaongoza, mpira wake ukaishia kwenye kijito kilicho mbele ya grini. Tiger Woods aliupeleka wake upande wa kushoto, mbali na bendera, akamaliza kwa mikwaju 3 na mwishowe akatwaa taji. Shimo langu la 12 halina kijito, lina banka refu upande wa kulia na bendera ambayo karibu kila mara husimamishwa nyuma yake. Tangu nilipoacha kuifuata, mitano imekuwa nadra sana kwangu hapo.

Mashimo ya mikwaju 4 ndiyo mengi katika viwanja vingi, na ndiyo yaliyonichukua muda mrefu. Nitalieleza shimo la 7 kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifundisha mengine yote. Lina urefu wa mita 344. Upande wa kulia kuna bwawa linaloanzia mita 190 na kuishia mita 230, na upande wa kushoto, kwenye mita 210, kuna banka lenye ukingo mrefu. Kati ya bwawa na banka nilipima hatua 22 tu. Fimbo yangu kubwa, draiva, hufika wastani wa mita 205, na mipira yangu mibaya hupinda kulia. Kwa maneno mengine, kwa miaka miwili nilikuwa nikichukua fimbo inayoutua mpira hasa pale njia inapobanwa, kisha nikishangaa mpira ukizama.

Nilipolitembea kutoka kwenye bendera niliona mambo mawili. La kwanza, kwenye mita 170 kutoka mwanzo, njia ilikuwa na upana wa hatua 45, na bwawa lilikuwa bado halijaanza. La pili, banka la mbele ya grini lilifunika upande wa kulia peke yake, na kushoto palikuwa wazi kiasi kwamba mpira ungeweza kubingirika hadi ndani. Mpango ukajiandika wenyewe: mkwaju wa mita 170 katikati, mwingine wa mita 110 kuelekea kushoto, ubaki umbali wa mita kama 64 kwenye uwazi ule. Ningeweza kuusogeza mpira karibu zaidi kwa mkwaju wa pili, lakini mikwaju ya mita 30 ndiyo inayonitetemesha, ilhali ule wa mita 60 na kitu naupiga kwa mzunguko kamili wa fimbo yangu fupi. Ninaamini kuchagua umbali unaoupiga kwa utulivu ni bora kuliko kukimbilia ukaribu.

Hapa kadi yenyewe inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kila shimo lina namba ya ugumu kati ya 1 na 18, na hendikapu, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake, hugawanywa kufuata namba hizo. Yangu wakati huo ilikuwa 24, maana yake nilipewa mkwaju mmoja wa nyongeza kwa kila shimo na wa pili kwenye mashimo sita magumu zaidi. Shimo la 7 ndilo lenye namba 1. Kwa hiyo hesabu yangu halali pale ilikuwa 6, na nikifika kwenye grini kwa mkwaju wa tatu, kisha nikausukuma mpira kuelekea tunduni mara mbili, nimetoka na 5. Nilifuta 4 kwenye ukurasa wangu nikaandika 6 kwa herufi kubwa, na mabega yangu yakalegea kila niliposimama pale.

Mikwaju ya ziada ikiwepo, itumike kama akiba. Mwaka 1999, kwenye mashindano ya The Open huko Carnoustie, Uskoti, Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitatu, yaani hata 6 kwenye shimo la mikwaju 4 ingempa taji. Alianza kwa draiva, mkwaju wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji, uliofuata ukaishia kwenye kijito, na akamaliza kwa 7. Paul Lawrie ndiye aliyeshinda kwenye mashimo ya nyongeza. Nakala ya hesabu hiyo nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu, kwa heshima kubwa kwa mchezaji huyo.

Kuhusu mashimo ya mikwaju 5 sina mengi, kwa kuwa kwa mchezaji wa kiwango changu hayana siri: ni mikwaju mitatu ya kawaida ya kufika kwenye grini, na jaribu la kufika kwa miwili halinihusu. Zach Johnson, aliposhinda Augusta mwaka 2007, hakujaribu hata mara moja kufika kwa mikwaju miwili kwenye mashimo hayo kwa siku zote nne, lakini aliyacheza kwa mikwaju 11 pungufu ya ile iliyopangwa. Nilichofanya mimi ni kuugawa urefu wote kwa tatu nikianzia mwisho, na mara nyingi nikakuta kwamba draiva haikuhitajika kabisa.

Kwenye grini daftari lina kazi moja: kunikumbusha ni upande gani mpira ubaki chini ya tundu. Tundu lina kipenyo cha milimita 108 na mpira ni wa milimita 42.67, hivyo nafasi ipo ya kutosha kwa mpira unaofika taratibu, na ni finyu sana kwa unaokuja kwa kasi. Tangu kanuni za mwaka 2019 bendera inaweza kuachwa tunduni wakati wa kusukuma, nami huiacha nikiwa mbali, kwa kuwa hunisaidia kupima umbali.

Mpango huvunjika pia, na ukurasa wangu wa kila shimo una mstari wa chini wa kushughulikia hilo. Mpira ukiingia eneo la adhabu, kama bwawa, lenye alama nyekundu, kwa mkwaju mmoja wa adhabu naweza kuangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovuka mpaka, bila kuusogeza karibu na tundu. Penye alama za njano nafasi hiyo haipo, na hurudi nyuma kwenye mstari au nilikopigia. Mpira ukielekea msituni au nje ya mpaka, natangaza na kupiga wa akiba kabla ya kwenda kuutafuta, kwani muda wa kutafuta ni dakika tatu pekee, na kurudi mwanzo kwa miguu huku wengine wakisubiri huharibu mkwaju unaofuata. Kabla ya daftari, kosa moja lilizaa jingine. Sasa, baada ya kosa, swali ni moja tu: mpira urudi wapi ili mkwaju unaofuata uwe ule ninaoumudu.

Matokeo hayakuja kwa wiki moja. Mwezi wa kwanza nilisahau kufungua daftari kwenye nusu ya mashimo, na mara mbili niliufungua mpango, nikausoma, kisha nikachukua draiva. Lakini kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimeshuka hadi mikwaju 94, na mwaka ulipotimia nilirudi na 88. Siku hiyo shimo la 7 nililicheza kama lilivyoandikwa: katikati, kushoto, kisha mpira wa mita 64 uliotua kwenye uwazi, ukabingirika na kusimama chini ya tundu kama hatua mbili hivi. Nilisukuma, ukaingia. Nne. Nilikwenda kumtafuta mzee nikamwonyesha kadi, naye akaweka kidole kwenye safu ya shimo la 16, ambako nilikuwa nimepata 7, akasema, "Na hili je?"

Ukurasa wa 16 umefutwa mara tano na karatasi imeanza kutoboka. Njia inapinda kushoto kabla ya mita 160, upepo unavuka, na nyuma ya grini ardhi inaporomoka. Wiki hii nitaanzia tena kwenye bendera, safari hii nikitembea kando ya nyasi ndefu za upande wa kulia, ambako sijawahi kupima hata hatua moja.